Ukingo wa Kifuniko cha Kasha: Uhakiki wa Kazi ya Maseremala wa Arusha

I

Uhakiki katika lugha yetu umezoea kukaa karibu na shairi na hadithi. Mhakiki akiona beti zimepangwa, huuliza kama vina vimetimia, kama mizani haikupungua, na kama maneno yameweza kuubeba mzigo wa maana. Kazi ya mkono haipati bahati hiyo. Mlango, kiti, kitanda na kasha husifiwa kwa neno moja, "zuri," au hushutumiwa kwa neno moja, "baya," na mazungumzo hukoma hapo. Madhumuni ya makala haya ni kuitendea kazi ya seremala kama tunavyoitendea kazi ya mtunzi: kuitazama sehemu yake moja, kuuliza imefanywaje na kwa nini, kisha kutoa hukumu iliyo na sababu. Sehemu niliyoichagua ni ndogo. Ni ukingo wa kifuniko cha kasha la mti, hasa katika makasha yatengenezwayo kwa mkono mjini Arusha na katika vijiji vya miteremko ya mlima Meru.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili halistahili kurasa za wataalamu wa lugha. Jibu langu ni mawili. La kwanza, ukingo ndio mahali pa kasha paguswapo kuliko pote. Hapana mtu ainuaye kifuniko kwa kukishika katikati. Vidole hutafuta ukingo. Kiti kikisukumwa ovyo, hugonga ukingo. Jicho nalo, kasha likiwa limefungwa, haliuoni unene wa kifuniko ila kwa ukingo wake, na kwa unene huo hulihukumu kasha zima kuwa zito au jepesi. La pili, fundi hachagui ukingo kwa mkono peke yake. Huchagua kwa maneno pia: kwa majina aliyofundishwa, kwa maagizo ya mteja, na kwa yale ambayo mwanafunzi wake aweza kuyaelewa. Maneno yakipungua, uchaguzi nao hupungua. Hapo ndipo seremala na mwanalugha hukutana, na hapo ndipo penye hasara ninayotaka kuieleza.

II

Tuanze na majina. Kasha lenyewe ni neno tulilolipata kwa Wareno, na bweta, ambalo ni ndugu yake mdogo, vivyo hivyo. Sanduku ni la Kiarabu. Randa limetufikia kutoka pande za Uajemi na Uhindi. Vitu hivi vilikuja na majina yake kwa njia ya bahari, navyo vikapanda bara pamoja na biashara. Lakini neno ukingo ni la Kibantu, nalo lafaa kuangaliwa kwa makini. Latokana na kitenzi kinga. Kukinga ni kuzuia kitu kisikifikie kingine: twakinga mvua, twakinga jua, twakinga pigo. Ukingo, basi, kwa asili ya neno, si mwisho wa kitu tu. Ni sehemu itanguliayo kupokea yatokayo nje ili sehemu za ndani zisalimike. Seremala akiliweka neno hili moyoni amekwisha kupata nusu ya elimu ya kazi yake.

Neno la pili ni pindo. Hili latokana na kupinda, na makazi yake ni katika nguo. Kanga ina pindo na mji, na kila mwanamke anunuaye kanga hutazama kama pindo limeafikiana na mji. Pindo kubwa mno huufanya mji uonekane mdogo. Pindo dogo mno huuacha mji ukielea bila mpaka. Kipimo hiki kimekwisha kukubaliwa katika nguo kwa muda mrefu, nacho chafaa kabisa kutumika katika mti. Kifuniko kina mji wake, yaani uso wa ubao pamoja na mistari yake, na kina pindo lake. Swali la kwanza la mhakiki ni hili: je, pindo lautumikia mji au launyang'anya?

Neno la tatu ni hanamu. Kukata hanamu ni kukata kwa mshazari, na neno hili limo katika kamusi zetu za zamani. Hilo ndilo jina lifaalo kwa ukingo ulioondolewa pembe yake kwa mteremko. Lakini mteja wa leo katika karakana ya mjini hatarajiwi kulitamka. Huja na picha katika simu yake, hukiweka kidole juu ya picha na kusema, "Weka kama hii." Fundi naye hutafuta katika visu vya mashine kile kinachokaribiana na picha. Kazi hufanyika, fedha hulipwa, wala hapana jina lililotajwa. Siwalaumu wawili hawa. Picha ni msaada mkubwa. Lakini picha haisemi ukingo ule ulichaguliwa kwa sababu gani, wala haisemi ulikuwa wa mti upi, wala kasha lile liliwekwa katika nyumba ya namna gani.

III

Namna za kingo ni nyingi, lakini zaweza kukusanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni ukingo mnyoofu. Ubao hukatwa sawasawa, uso wa juu na ubavu hukutana kwa pembe ya digrii 90, na fundi huipitishia msasa pembe hiyo mara mbili au tatu ili isikate mkono. Ukingo huu wadharauliwa kwa kuwa waonekana kama kazi isiyomalizika. Kwa hakika ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu hauna pa kuficha kosa. Ubao ukiwa umepinda, ukingo mnyoofu huutangaza upindaji wake. Viungo vikiwa havikukazana, huvionyesha. Tena una udhaifu wa kweli: pembe iliyoachwa kali mno hukataa vanishi. Maji ya vanishi yanapokauka hujivuta kutoka penye ncha, ngozi yake ikawa nyembamba pale pale ambapo mikono husugua zaidi. Baada ya miaka michache pembe huwa nyeupe na wazi, na uchafu huingia katika mti. Kwa hiyo ile mipito michache ya msasa si mapambo bali ni sharti.

Fungu la pili ni ukingo wa mviringo. Ukiwa wa robo duara, pembe ya juu peke yake huviringishwa. Ukiwa wa nusu duara, pembe ya juu na ya chini huviringishwa pamoja. Huu ni ukingo wa upole. Haumwumizi mtoto aangukaye juu yake, na pigo likija hutawanyika. Hasara yake ni kwamba huyeyusha umbo. Nusu duara katika kifuniko kipana hukifanya kionekane kama godoro: jicho halioni pale kifuniko kinapoanza wala pale kinapoishia. Zaidi ya hayo, mviringo wa chini huviondolea vidole pa kushika, kwa kuwa mkono utakao kuinua hutaka pembe ya kuukamata, nao hukutana na utelezi.

Fungu la tatu ni hanamu, nayo ni mbili. Hanamu ya juu hukata pembe ionekanayo, na mwangaza ukiipiga hufanya mstari mwembamba kuzunguka kifuniko, kama uzi wa fedha katika joho. Hanamu ya chini hukata pembe ya chini, isiyoonekana na mtu aliyesimama. Huuacha ubavu wa juu mwembamba, na sehemu nyingine ya unene hurudi ndani kwa mteremko. Matokeo yake yastaajabisha kwa mtu asiyeyazoea. Kifuniko cha unene wa milimita 20 huonekana kama cha milimita 10, nacho hakikupoteza nguvu yake, kwa kuwa unene wote ungalipo katikati. Vidole navyo hupata mteremko wa kuingilia chini ya kifuniko.

Fungu la nne ni ukingo wa wimbi, yaani ule wenye mbinuko na mbonyeo unaofuatana, mara nyingine ukiwa na ngazi ndogo juu na chini. Huu ndio upendwao zaidi leo, nao ndio nitakaouhoji zaidi.

IV

Arusha si pwani, na kasha si kitu kisichojua mahali kilipo. Mji umekaa katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, chini ya mlima wenye mita 4,566. Masika huja kati ya Machi na Mei, na baada yake hufuata baridi ya Juni na Julai, kisha ukavu na vumbi mpaka vuli. Mti huvuta unyevu wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, nao hutanuka na kusinyaa katika upana wake, si katika urefu wake. Kifuniko kilichoungwa kwa mbao tatu au nne kitatembea kila mwaka, kidogo kidogo. Fundi akikizungushia ufito wa mapambo pande zote nne na kuugundisha imara, ufito wa pande mbili zikatazo nyuzi utashindana na ubao. Mmoja wao hupasuka. Kwa sababu hiyo ukingo uliochongwa katika ubao wenyewe ni salama kuliko ukingo uliobandikwa, na hili ni jambo ambalo picha ya simu haiwezi kulionyesha.

Miti nayo ina tabia zake. Mninga huletwa mjini kutoka misitu ya mbali ya miombo. Ni mti wa kiasi, hukubali randa, na hushika pembe safi. Mkongo ni mgumu zaidi, na pembe yake hudumu. Mlimani Meru umo mtarakwa wenye harufu nzuri, lakini sehemu kubwa ya mlima imehifadhiwa, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, si mahali pa kutafutia mbao. Zilizo karibu na seremala wa leo ni mbao za mashamba ya miti: saiprasi na msindano, pamoja na mgrivilea ambao wakulima wa miteremko huupanda kati ya mikahawa. Saiprasi na msindano ni laini. Ukucha ukiukandamiza ubao wake, huacha alama. Pembe kali katika ubao wa namna hii haimalizi mwaka bila kubonyea, wala wimbi lenye ngazi nyembamba halimalizi. Mgrivilea una madoa yang'aayo kama hariri ubao unapopasuliwa kwa kufuata moyo wa mti. Madoa hayo hupendeza katika uso tambarare. Ukingo ukichongwa mawimbi mengi, hukatika vipande vipande, na uzuri wa asili ukapotea kwa ajili ya uzuri wa kuazima.

Sasa tulitazame wimbi. Katika pande ndefu za kifuniko, nyuzi za mti huenda pamoja na ukingo, na kisu hupita kwa urahisi. Katika pande fupi nyuzi zimekatwa, na kisu hukutana na maelfu ya ncha zisimamazo kama mabua yaliyovunwa. Hapo mbonyeo wa wimbi hutoka mkwaruzo, na kisu kifikapo mwisho hung'oa kipande cha pembe. Fundi hodari huanza kwa pande fupi, kisha humalizia kwa pande ndefu, ili pembe iliyong'oka iondolewe na mpito wa mwisho. Mafundi wengi wa Arusha wayajua haya. Lakini hata wimbi lililochongwa kwa ustadi huwa jeusi zaidi katika pande fupi linapopakwa rangi, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa hunywa rangi kupita kiasi. Basi pindo moja likawa na sura mbili. Juu ya hayo vumbi la kiangazi hukaa katika mbonyeo, na kitambaa cha mwenye nyumba hupita juu ya mbinuko bila kulifikia.

V

Wimbi limetoka wapi, na kwa nini limetawala? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni mashine. Kisu cha wimbi kikiisha kununuliwa, huchonga kasha, meza, kabati na fremu ya mlango bila kuuliza. Kilichokuwa chaguo kimekuwa desturi. Ya pili ni sifa ya kasha la Zanzibar. Mgeni apitaye Arusha akielekea mbugani, au akirudi kutoka huko, hutaka kitu chenye harufu ya pwani, na mwenye duka humwagizia fundi kasha "la Kizanzibari," lenye misumari ya shaba mbele na ukingo wenye mapambo mengi.

Hapa historia yatuonya. Sheila Unwin, katika kitabu chake The Arab Chest cha mwaka 2006, ameyafuatia makasha haya na kuonyesha kuwa mengi kati ya yale yajulikanayo kwa jina la Zanzibar au la Waarabu yalifanyizwa Uhindi na kuvushwa bahari kwa majahazi. Pwani yenyewe, basi, iliyapokea, ikayapa makazi na heshima. Hapana aibu katika kupokea. Lakini mpokeaji mwenye busara huuliza kila sehemu ilikuwa na kazi gani. Palipo na bamba la shaba likunjwalo kutoka uso wa kifuniko mpaka ubavuni, ukingo hauna budi kuwa mnyoofu, kwa maana bamba halikai juu ya wimbi. Nakshi ya kasha la namna hiyo ni shaba, na mti umejinyamazia ili shaba isikike. Kasha la Arusha linaloweka misumari mbele na wimbi ukingoni laruhusu sauti mbili ziimbe wimbo mmoja kila moja kwa ufunguo wake. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Nataka kulijibu pingamizi moja kabla ya kutoa hukumu. Itasemwa kuwa mapendezi hayana hakimu, na kwamba mteja alipaye ndiye mwenye haki ya kuchagua. Haki hiyo anayo. Lakini mtu hachagui mpaka aone mambo zaidi ya moja. Mteja aliyeonyeshwa wimbi peke yake hakuchagua wimbi, amelikuta. Fundi aliyeweka vipande vinne vya mbao ukutani mwake, kila kimoja na ukingo wake na jina lake limeandikwa, amempa mteja uhuru ambao maneno "kila mtu na lake" hayawezi kumpa. Tena si kweli kwamba ukingo ni suala la mapendezi matupu. Mkono ushikao, ubao unywao rangi, msimu utanuao mti: hivi vyote ni mashahidi, na hukumu isiyowasikiliza mashahidi haiitwi hukumu.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kasha la nyumbani la nyanda hizi, lisilo na shaba, ukingo ufaao kuliko zote ni hanamu ya chini katika upande wa mbele na pande mbili za kando, pembe ya juu ikiwa imevunjwa kidogo tu kwa randa au msasa. Katika mninga na mkongo, uvunjaji huo na uwe wa milimita moja, ili mstari ubaki safi. Katika saiprasi na msindano na uwe mviringo wa milimita tatu au nne, kwa kuwa mti laini utajiviringisha wenyewe kwa mapigo kama fundi hakuuviringisha kwa hiari. Upande wa nyuma uachwe mnyoofu, wala usizidi mwili wa kasha. Bawaba hutaka mahali tambarare pa kukaa, na ukingo uliozidi nyuma hugonga ubao wa kasha kifuniko kinapofunguliwa, ukang'oa parafujo. Wengi huuzungusha wimbi pande zote nne kwa ajili ya ulinganifu. Ulinganifu huo hauonekani na mtu, kwa kuwa mgongo wa kasha huelekea ukuta, lakini parafujo huulipia.

Ukingo huu ni mnyenyekevu. Huufanya ubao uonekane mwepesi, huupokea mkono, hulikwepa vumbi, nao huuacha mji wa kifuniko useme. Umetimiza maana ya jina lake, kwa kuwa umekinga.

VI

Yabaki neno kwa wenzangu wa kamusi. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981, na katika orodha za istilahi zilizofuata, tumejitahidi sana kuyapatia majina mambo ya maabara na ya ofisi. Karakana haikupata sehemu iliyo sawa. Sababu moja ni kwamba istilahi nyingi zimeundwa mezani, kwa kutafsiri vitabu, na seremala hakuandika kitabu cha kutafsiriwa. Elimu yake imo mikononi na katika maagizo mafupi apewayo mwanafunzi: punguza hapa, vunja pembe, lalia randa. Maagizo hayo ni lugha, tena ni lugha nzuri. "Kuvunja pembe" ni usemi uelezao kazi nzima kwa maneno mawili, na istilahi itakayoundwa badala yake kwa viambishi vitano haitakuwa bora kuliko huo.

Mwanafunzi asiyekuwa na jina la hanamu ya chini hataiomba, hataifundisha, wala hataiona akipita mbele ya kasha lililo nayo. Ataona kuwa kasha lile lapendeza, asijue kwa nini, na kesho atarudi kwenye kisu cha wimbi. Hivyo ndivyo ufundi unavyopungua bila mtu kukusudia kuupunguza. Napendekeza tuyapokee majina haya kwa matumizi ya shule za ufundi na ya kamusi: ukingo mnyoofu, robo duara, nusu duara, hanamu ya juu, hanamu ya chini na ukingo wa wimbi. Matano ya kwanza yamejengwa kwa maneno tuliyo nayo tayari. La sita ni maelezo yangu, na litaachwa kwa furaha iwapo karakana yo yote ina jina lililo bora.

Kwa ajili hiyo wasomaji walio karibu na maseremala wa Lamu, Tanga, Bagamoyo, Unguja, Kigoma na Ujiji waombwa kuwauliza jinsi wanavyoziita kingo hizi, na kutuandikia jina, mahali lilipotumika, na ikiwezekana mchoro wa ukingo wenyewe uliokatwa kwa ubavu. Mchoro ni muhimu, maana jina moja laweza kuwa la ukingo mmoja pwani na la mwingine bara, nasi tungependa kujua kabla ya kuliweka katika kamusi.